Kigong'ota wa Upande wa Kushoto

Msinisimulie habari za kigong'ota. Namjua. Tulikuwa majirani tangu nilipokuwa msichana wa kuchota maji, na kama kuna kiumbe aliyesingiziwa mengi katika Kajiado nzima bila kupewa nafasi ya kujitetea, ni yeye.

Kwa asiyemjua, ni ndege wa kawaida tu, mdogo kuliko njiwa, mgongo wa rangi ya majani makavu, kifua cheupe kilichonyunyiziwa madoa meusi, na kisogo chekundu kama aliyechovya kichwa kwenye damu akakiinua haraka. Hupanda mti wima, ule mkia wake mgumu ukimwegemeza kama mguu wa tatu. Hugonga gome, huingiza ulimi, hutoa mchwa. Sauti yake huanza polepole halafu ikaenda kasi mpaka ukadhani kuna mtu anakucheka, na mara nyingi dume akianza jike humpokea. Kazi yake ndiyo hiyo: kula, kulea na kupiga kelele.

Lakini kwetu Wamaasai alipewa kazi nyingine bila kuulizwa. Ukianza safari akalia upande wako wa kulia, nenda, mambo yatakuwa mema. Akilia kushoto, rudi nyumbani, safari ingoje siku nyingine. Hata jina lake hatukulitaja asubuhi ya safari. Tulisema tu "yule".

Koko, nyanya yetu mzaa baba, aliishika desturi hiyo mpaka akafa, na kwake sikuona ubaya wowote. Akimsikia kushoto alirudi, akaketi, akapika chai, kesho yake akaondoka. Hakuwahi kumzuia mtu mwingine. Safari ilikuwa yake na ndege alikuwa wake. Nasema haya mapema kwa sababu wako watu wakisikia hadithi hii huanza kucheka mila zetu, nami watu hao nao siwapendi. Nitawafikia.

Mtu ambaye simalizani naye ni baba mdogo.

Nyumbani kwetu kulikuwa kwenye nyanda za nyuma ya Kitengela, upande wa kwenda Isinya, mahali ambapo ulitembea muda mrefu kabla ya kuiona barabara ya Namanga. Kitengela yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ilikuwa maduka machache, bucha, mashine ya kusaga unga, na vumbi la kutosha mji mkubwa zaidi. Baba alifariki mdogo wangu akiwa bado ananyonya, na mdogo wake baba akawa mkubwa wa boma. Hakuwa mtu katili. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, alipenda chai yenye sukari nyingi, na watoto tulipomwinamishia kichwa atuguse alitugusa kweli, kwa kiganja kizima, si kwa ncha ya vidole kama wazee wengine. Ukimtazama ungesema huyu ndiye baba wa kupewa mayatima.

Ila maji yake yalichotwa na mimi. Mke wake alikuwa na mgongo mbovu, na wanawe wa kiume, kama mjuavyo, mikono yao haikuumbwa kubeba mtungi. Kisima cha mashine kilikuwa mbali. Nilikwenda na punda asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na maji yakifika, boma zima liliyanywa bila kuuliza yametembeaje.

Halafu nikafaulu mtihani wa darasa la nane. Niliitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana huko Kajiado, na boma letu halikuwa limewahi kumpeleka msichana mbali kiasi hicho. Mama aliuza mbuzi wake kimyakimya, akanunua sanduku la bati, godoro jembamba na blanketi. Baba mdogo alinipongeza mbele ya wageni, akaniimbia hata wimbo. Alisema atanisindikiza mwenyewe mpaka barabarani, kwa sababu mtoto wa marehemu kaka yake hawezi kutoka bomani kama aliyefukuzwa.

Asubuhi hiyo tulitoka wanne: baba mdogo mbele, mimi nyuma yake, mama, na punda aliyebeba sanduku. Njia ya kutoka kwetu ilipanda kilima kidogo, na hapo juu, kushoto, palikuwa na mgunga mkubwa wenye tawi moja lililokufa. Tulipofika usawa wake, ndege akalia.

Baba mdogo akasimama. Akainua kidole.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia," mama akasema.

"Upande gani?"

Mama alimtazama punda.

"Nimekuuliza, upande gani?"

"Kushoto."

"Basi." Akageuka, uso wake ukiwa na huzuni ya kweli kabisa. "Si mimi nimesema."

Tukarudi. Nilipofika nilivua sare, nikaikunja, nikachukua mitungi nikaenda kisimani, kwa sababu mitungi haikuwa na habari kuwa mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Sikumchukia baba mdogo siku hiyo. Hasira yangu yote nilimwekea ndege. Alasiri nilijaza mawe kwenye khanga, nikapanda kilima, nikaanza kuutwanga ule mgunga kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeonewa ambaye hajui ameonewa na nani. Ndege wawili wakaruka wakipiga kelele, wakatua mti wa pili, wakaningoja. Mawe yakaisha. Nikakaa chini nikalia.

Nilipotulia, wakarudi. Dume alikuwa na kitu mdomoni. Alitua kwenye lile tawi bovu, akapiga kelele ile ile ya asubuhi, na ndani ya gogo sauti ndogondogo zikamjibu, kama sufuria ya maharagwe inayoanza kuchemka. Palikuwa na tundu, la mviringo, limechongwa kwa unadhifu ambao fundi yeyote angejivunia. Akaingiza kichwa, akalisha, akatoka. Jike naye akaja, akapiga kelele, akalisha, akaondoka. Wakaendelea hivyo jioni nzima.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndege huyu hakuwa ametumwa. Alikuwa nyumbani kwake. Mti ulikuwa kushoto mwa njia kwa mtu anayetoka kwetu, na kulia kwa mtu anayerudi, na hivyo kila aliyetoka bomani asubuhi lazima angeliliwa kushoto, awe anaenda shule, awe anaenda kuiba. Kwa ndege huyo hakuna safari yoyote ya kutoka kwetu ambayo ingekuwa njema mpaka mwisho wa dunia.

Lakini baba mdogo alikuwa akitoka kila wiki. Kila siku ya soko alipeleka mafahali au kondoo mnada wa Kajiado, na hakuna siku niliyomwona amerudi njiani. Niliiweka hiyo akilini.

Shule ilikuwa imeshafunguliwa. Tulijua nafasi haimngojei mtu. Asiyefika kwa wakati, kitanda chake hupewa mwingine, na wako wasichana wengi waliokuwa wakiomba wengine wachelewe. Mama alizungumza na baba mdogo tena, naye akakubali bila ubishi. Tukatoka wanne vilevile. Tulipokaribia mgunga niliamua kusema kabla ndege hajasema.

"Baba, pale ndipo nyumbani kwake. Ana watoto kwenye tawi lile. Analia kila siku, hata kama hakuna mtu anapita."

Hakukasirika. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mbuzi aliyejaribu kufungua lango.

"Na nani alimwambia ajenge kushoto?"

Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi sasa, nimejibu maswali ya kila aina, na bado sijapata jibu la swali hilo. Halina jibu kwa sababu si swali. Ni mlango unaofungwa usoni pako na mtu anayetabasamu. Ndege akalia, kushoto, kama alivyolazimika.

"Si mimi nimesema," akasema baba mdogo. Tukarudi.

Siku ya soko nilikuwa nimepeleka mbuzi malishoni kwenye mwinuko wa pili, ng'ambo ya njia. Nilimwona baba mdogo akitoka bomani na mafahali wawili. Alipanda njia kama kawaida. Kisha, kabla hajafika juu, kabla mti haujawa ubavuni mwake, akawapinda mafahali kushoto, akashuka nao kwenye korongo. Lilikuwa korongo kavu lenye mawe, lenye kuvunja miguu. Mtu haingii humo bila sababu. Akakizunguka kilima kwa chini, akatokea upande wa nyuma wa mgunga, akapanda. Sasa mti ulikuwa kuume kwake.

Akasimama akangoja. Alingoja kama mtu anayengoja chai iliyoagizwa. Jike akaja na chakula, akalia. Baba mdogo akatabasamu, akatema mate kifuani kujibariki, akawapiga mafahali fimbo laini, akaenda zake Kajiado na baraka zote.

Sijui kama nimewahi kukasirika vile tena. Nilitaka kumkimbilia nimshike shuka nimwulize mbele ya mafahali wake. Kumbe aliujua ule mti vizuri kuliko mimi! Kumbe alijua ndege hahami, na ameshajipimia njia, na korongo lina alama za kwato za miaka! Angenikataza kwa mdomo wake, akasema mimi mkubwa nimekataa, ningelia lakini ningejua ni nani wa kumlilia. Yeye alimtuma ndege anayelea watoto aje anikatalie, halafu akasimama pembeni kunipa pole.

Nilimwachia jirani mbuzi nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa anakanda kinyesi cha ng'ombe kuziba ufa wa ukuta. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Hakuinua kichwa.

"Wanaume wote wa boma hili hupita huko," akasema. "Tangu babu yenu. Ukiwa na jambo lako la maana, unashuka korongoni."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Yeyo, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza? Mara mbili?"

"Nilikuwa nangoja aone haya mwenyewe." Akachota kinyesi kingine, akakibandika ukutani kwa kishindo. "Mkubwa ukimwonyesha njia yake ya siri mbele ya watu, umemvua nguo. Na mimi ni mjane katika boma lake. Nilisema, mara ya kwanza ataona haya. Mara ya pili nikasema ataona haya."

"Na mara ya tatu?"

Mama akanyoosha mgongo, akanitazama. Mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka kwenye viwiko.

"Mara ya tatu osha ile sare. Ina vumbi."

Asubuhi iliyofuata mama hakumwomba baba mdogo kitu. Alimfunga punda sanduku, akapita mbele ya mlango wake, akamsalimu, akasema tunaondoka, kama anataka kutusindikiza tutashukuru. Baba mdogo akatoka akijifunga shuka. Tulipanda njia kwa utaratibu wetu, ila safari hii mama alikuwa mbele. Alipofika pale palipo na alama za kwato akampinda punda kushoto.

"Shemeji!" baba mdogo akaita. "Unaenda wapi? Hiyo ni njia ya ng'ombe."

Mama hakusimama.

"Leo huyu ni ng'ombe wangu," akasema.

Tuliteremka. Sanduku liligonga mawe, punda akateleza mara mbili, godoro likaanguka nikalibeba kichwani. Nyuma yetu nilisikia baba mdogo akija, akinung'unika kuhusu wanawake wa siku hizi. Tukatokea nyuma ya mgunga, mti ukiwa kuume. Mama akasimama. Na ndege akanyamaza.

Hakuna kimya kinachoudhi kama hicho. Siku zote hizo wanapiga kelele mpaka masikio yanauma, leo tumekuja upande wao, kimya. Baba mdogo alifika, akakunja mikono, akaegemea fimbo. Nilikuwa nimewatazama wale ndege jioni ile nzima, nilijua lazima mmoja arudi na chakula, lakini niliogopa watoto wameshatoka kiotani. Niliogopa mwewe. Niliogopa kwamba kweli Enkai, Mungu wetu, anaangalia, na ameamua upande.

Dume akaja. Akatua kwenye tawi bovu na mdomo umejaa, na akalia kwa fujo zake zote. Jike akampokea kutoka kwenye mti wa pili.

"Kulia," mama akasema.

"Huyo," baba mdogo akasema polepole, "amelia nyuma kidogo."

Nyuma kidogo! Hata leo nikikumbuka damu inapanda. Mama alimgeukia, na ile heshima yote aliyokuwa ameitunza akaiweka chini.

"Shemeji, jana ulisimama hapahapa. Ndege akalia hapohapo. Ukatema mate kifuani ukaenda kuuza. Sasa tema."

Baba mdogo akanikodolea mimi macho, maana alijua nani amemwona. Kisha akatema mate kidogo kwenye kiganja, akanigusa kichwani. Alinigusa kwa ncha za vidole.

Nilikuwa msichana wa mwisho kupokelewa. Mwalimu aliyekuwa mezani alisema tungekuja kesho yake tusingepata kitu, akamwuliza mama sababu ya kuchelewa namna hiyo. Nilimtazama mama nikitaka aseme. Nilitaka mtu mmoja aliyesoma, mwenye meza na kalamu, asikie kilichotendeka.

"Njia ilikuwa mbaya," mama akasema.

Nilipewa kitanda cha chini ya bati linalovuja, na nikakipenda. Lakini hasira haikuniacha. Niliingia nayo darasani na nadhani ndiyo iliyonisomesha. Katika maktaba ya shule palikuwa na kitabu kikubwa cha ndege wa dunia, cha msaada, kurasa zimenyonyoka. Nikamtafuta jirani yangu. Nikamkuta, na nikakuta kwamba ukoo wake ni mkubwa: katika jenasi yake peke yake kuna wa msituni, kuna wa pwani, kuna wa mkia wa dhahabu, na huyu wetu wa migunga. Hakuna mahali palipoandikwa kushoto wala kulia.

Kurasa chache mbele nikakutana na ndege wengine wa misitu ya joto ya Amerika ya Kusini. Nao hupanda magogo wima, nao hujiegemeza kwa mkia mgumu, ukiwaona ungeapa ni vigong'ota waliosahau kuvaa kofia nyekundu, lakini si ndugu. Hawatwangi mti, hupapasa tu nyufa za gome kwa mdomo. Jenasi moja yao ilikuwa na spishi nyingi, zote za kahawia, zote na michirizi kifuani, zikifanana kiasi kwamba wataalamu huzitofautisha kwa umbo la mdomo na kwa sauti. Nilizitazama picha zile safu kwa safu nikaona wivu. Ndege wote hao, sauti zote hizo, na hakuna mtu anayesimama chini yao akiuliza kama mtoto wa kike aende shule. Nikawaza pia kwamba pengine huko nako yuko baba mdogo wa mtu, na ana mti wake na korongo lake. Nikafunga kitabu.

Nikawa mwalimu wa biolojia. Nilipangishwa nyumba Kitengela, katika ploti ambayo jirani yangu wa kulia alikuwa mama Msomali mwenye duka la vitambaa na wa kushoto familia kutoka magharibi, baba akifanya kazi Nairobi. Siku moja ofisini kwa walimu nikaisimulia hadithi hii. Mwalimu mwenzangu mmoja alicheka mpaka akafuta macho.

"Nyinyi Maasai na mandege zenu! Kwa hivyo mnaulizanga ndege kama mtoto aende form one?"

"Kwenu nani anaulizwa?" nikamwambia. "Mbona wewe una dada watatu na uliyesoma ni wewe?"

Hakucheka tena. Ndiyo maana nilisema watu hao siwapendi. Hudhani ubaya uko kwa ndege. Koko wangu alimwamini ndege huyo maisha yake yote na hakumnyima mtu hata kikombe cha maji.

Ilipoingia miaka ya elfu mbili, ardhi ilianza kwenda. Baba mdogo aliuza vipande vya robo eka, kimoja baada ya kingine, na kila alipokwenda kuonana na wanunuzi alishuka korongoni kwanza. Ndege alimlilia kulia kila mara. Mwishowe akaliuza na korongo lenyewe, na kilima, na mgunga. Aliyenunua alikuwa mtu mwema wa mshahara. Alijenga nyumba ya mawe, akazungusha ukuta upande mmoja na seng'enge upande wa korongo, na mti akaukata kwa sababu mizizi ilikuwa inaelekea shimo la choo. Sikumlaumu. Hakuna aliyemwambia. Nilipita siku ile nikakuta magogo yamepangwa, na lile tawi bovu limetupwa kando, tundu likitazama juu. Niliingiza mkono. Kulikuwa na unga wa mbao na unyoya mmoja wenye doa.

Mdogo wangu, yule aliyekuwa akinyonya baba alipofariki, alikua akichota maji kwa punda mwingine. Wakati huo bomba lilikuwa limefika kwa majirani, lakini baba mdogo alisema maji ya bomba yana ladha ya chuma. Msichana akafaulu. Akaitwa shule ile ile niliyosoma mimi. Nilikuja kumchukua, sanduku jipya, godoro nene, kila kitu tayari.

"Mwite baba yako mdogo," mama akasema.

"Wa nini?"

"Ni mkubwa wa boma. Ambariki mtoto."

Nilibishana naye, nikashindwa. Mzee akatoka. Alikuwa amepungua, koti likimzidi mabega, lakini sauti ilikuwa ile ile nzuri. Akatangulia. Tukapanda kilima ambacho sasa kilikuwa barabara ya changarawe, ukuta wa yule mnunuzi kushoto, na seng'enge yake ikiziba njia ya korongoni. Korongo halikuingilika tena. Hapakuwa na mgunga, wala mti wowote wa kumtosha ndege mwenye akili. Kwenye paa la nyumba nyingine fundi alikuwa anapigilia mabati, na sauti ya nyundo ilijaa kila mahali.

Pale ulipokuwa mti, baba mdogo akasimama. Akainua kidole.

Nilimwangalia bila kuamini. Mzee aliinamisha kichwa akasikiliza, akasikiliza kweli, akiwa amefumba macho, na nyundo ikaendelea kugonga.

"Kushoto," akasema. Akatugeukia na ile huzuni yake. "Si mimi nimesema."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na zaidi, yamepangwa, yamenolewa, nimeyarudia nikifua na nikisahihisha madaftari. Nilikuwa naenda kumwambia kuhusu ule mti na lile tundu na yale mabati na mitungi yangu yote. Lakini mdogo wangu alinishika mkono. Hakuwa amekasirika. Yeye alikulia katika hadithi hii, aliijua kama wimbo.

"Ni sawa, baba," akasema. "Amelia kushoto."

Akaja mbele yake, akainamisha kichwa, akangoja. Mkono wa mzee haukuja. Akangoja tena kidogo, kisha akainuka, akampita hatua moja, na pale katikati ya barabara akageuka akamtazama uso kwa uso, mgongo akiupa Kajiado.

"Sasa ni kulia," akasema. "Si mimi nimesema."

Na akaanza kuondoka hivyo, kinyumenyume, sare mpya, viatu vipya vikitafuta changarawe kwa visigino. Mimi nilibeba sanduku nikaenda kando yake nikimwambia penye shimo na penye jiwe. Mama alifuata na godoro kichwani. Mdogo wangu hakuniangalia wala hakuangalia njia. Alimtazama baba mdogo machoni, akaendelea kumtazama kadiri alivyozidi kuwa mdogo pale kwenye ukuta, mpaka mzee akatazama chini.